Ami yake asema nimtoe chuoni asome ya shule. Nifanyeje?

MamaLangoni

Assalaam alaykum jamani. Nina kijana wa fomu thrii, shule ya kutwa hapa Lamu. Ni lile kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, KCSE yao, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ni 2027. Muhula uliopita kaniletea D+ ya kemia na D ya hesabu, na mtoto si mjinga, wala si mtundu wa kunitia aibu mtaani.

Akitoka shule saa kumi na nusu huteremka pwani kucheza mpira. Magharibi huswali, akaingia chuoni kuhifadhi Qurani mpaka Isha. Akirudi hula, halafu hufungua vitabu, simu iko ubavuni. Nikipita namuona anasoma kweli, kalamu ya rangi mkononi, kurasa zimekuwa manjano kama wali wa zafarani. Saa sita usiku taa bado yawaka. Kumuamsha Alfajiri ni vita.

Sasa ami yake aliyeko Mombasa asema nimtoe chuoni mpaka amalize mtihani, ule wakati autie kwenye masomo. Nami roho yanisita, juzuu alizobakisha si nyingi. Wenye watoto wa sekondari, na walimu kama mumo humu, nipeni rai.

Pwani_Tupu

Mnyang'anye simu. Mengine yatafuata.

TichaKemia

Wa alaykum salaam, dadangu. Nafundisha kemia na bayolojia hapa Malindi, lakini kwetu ni Mkomani, huko huko Lamu, kwa hivyo ratiba hiyo naijua, nimeipitia mwenyewe. Usimtoe. Upande wa dini mtauzungumza nyumbani. Mimi nasema kwa sababu ya mtihani wenyewe: chuoni ndiko mwanao anakosoma vizuri.

Muulize anavyohifadhi. Maalim hamwambii apitishe macho juu ya sura mara kumi kisha akalale. Husoma aya, akafunga msahafu, akaisoma kwa kichwa. Akikwama hufungua, akatazama pale alipokwama tu, akafunga tena. Kesho yake hapewi mpya mpaka ya jana isikilizwe. Na ziko siku za murajaa, anarudishwa kwenye juzuu alizozimaliza zamani. Mtoto huyo huyo akifika nyumbani akashika kemia, hufanya kinyume cha hayo yote. Kitabu ki wazi mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kumsikiliza, na mada ya muhula wa kwanza haigusi tena mpaka wiki ya mtihani.

Kitabu kilicho wazi kinadanganya. Ukisoma mara ya tatu macho yameshayazoea maneno, ukadhani umeyajua. Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walisoma kifungu wakakirudia kukisoma, wengine walisoma kisha wakaandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, walioandika kwa kichwa ndio waliokumbuka zaidi. Na KCSE haiji baada ya dakika tano.

Kwa mfano achukue amonia, iko kwenye mada ya nitrojeni ya fomu thrii. Asome kurasa mbili, afunge, achukue karatasi tupu aandike: hutengenezwa vipi maabara, hukaushwa kwa kitu gani, hukusanywaje. Atakumbuka kwamba ni kupasha moto kloridi ya amonia pamoja na chokaa iliyozimwa. Pengine atakumbuka chupa hupinduliwa kwa sababu gesi yenyewe ni nyepesi kuliko hewa. Kwenye kukausha, wengi huandika asidi ya salfuriki kwa sababu ndiyo waliyoizoea kwa gesi nyingine. Amonia hushikana na asidi ile, ndiyo maana tunatumia oksidi ya kalsiamu. Kosa hilo nalisahihisha kila mwaka, na walioliandika wengi wao ukurasa ule wameupaka rangi. Sasa akifungua kitabu atazame palipomponyoka tu, apaandike kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku tatu hivi arudie kwenye karatasi mpya, kisha wiki ijayo.

Wakati wa kufanya hivyo usimtafutie mpya. Akirudi kutoka Isha, kabla ya chakula, karatasi moja. Sisi tuko karibu na Ikweta, Isha yetu haisogei sana mwaka mzima, kwa hivyo ni kengele nzuri kuliko ratiba ya kubandika ukutani, ambayo mimi sijaona ikimaliza mwezi.

KijanaWaShela

Shikamoo khalati. Mimi nimemaliza juzi juzi tu, sasa niko chuo kikuu. Naunga mkono Ticha, ila naongeza usingizi. Kulala saa sita na kuamka Alfajiri ni kama saa tano tu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 mpaka 18. Nane kwetu ni ngumu, lakini saa nne usiku simu ikalale chumbani kwako na yeye alale. Masomo ya asubuhi baada ya swala, mji umetulia, yana baraka zake. Wala si lazima simu aikose kabisa, maana mitihani ya miaka iliyopita wanatumiana humo humo. Na mpira usimkataze, tafadhali. Sisi tulikuwa tukitoka pwani twakaa barazani tukiulizana maswali ya bayolojia, anayekosa anakwenda kununua kashata.

MamaLangoni

Ahsanteni sana. Jana nilimwambia afunge kitabu aandike. Aliandika mistari minne akaishiwa, akanikasirikia, asema "mbona nilikuwa nayajua?" Sasa kesho atakubali kweli? Na Ramadhani ikija hiyo ratiba ya Isha yote itavurugika na tarawehe. Na hesabu je, nayo huandikwa kwa kichwa?

TichaKemia

Mistari minne ni mwanzo mzuri, na hasira ni ya kawaida. Mpe tena amonia ile ile kesho kutwa aone mwenyewe itafika mingapi, usimhubirie.

Kuhusu kuzoea, msimpe wiki mbili mkakata tamaa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Wastani wa tabia mpya kuanza kujiendea yenyewe ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa, kutoka 18 mpaka 254. Lililonifurahisha mimi ni kwamba kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa kiasi cha kujali. Basi ikija Maulidi mji mzima uko nje, mwache aende, arudi kwenye karatasi yake kesho. Ramadhani ihamishieni baada ya Alfajiri.

Hesabu ni habari nyingine. Asifanye maswali ishirini ya aina moja usiku mmoja, maana la tatu tu ameshajua kanuni, yaliyobaki ni mkono unaokwenda. Achanganye: moja la logarithimu, moja la vekta, moja la duara, ili kila mara alazimike kuamua atumie njia gani. Kwenye mtihani hakuna anayemwambia hili ni la mada ipi. Na awe na daftari moja la makosa peke yake, swali alilokosa liandikwe humo pamoja na pale alipoteleza.

Ami yake mwambie chuo kinaendelea. Nawe nipigie picha karatasi ya amonia ya wiki hii, nyekundu zikiwemo, uniwekee hapa. Jumamosi huwa sina darasa, nitaipitia.