Kutuita WAPAGAZI kisa tuna lenzi zaidi ya moja? Leo huyu mtu anisikie

Apacha_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele. Simtaji jina na wala hakuna haja, mnamjua wote. Yule yule wa kofia, wa darasa la bure ambalo mwishoni hugeuka duka. Jana usiku mubashara, mbele ya vijana ambao kamera zao bado zina nailoni kwenye skrini, kafungua mdomo akasema: "Anayebeba lenzi tatu si mpiga picha, ni mpagazi. Uzeni zote, chukueni 18-300 moja. Ukumbini ukiona giza, pandisha ISO."

Mpagazi. Halafu "pandisha ISO". Na vijana wakamimina makopakopa mpaka uso wake ukapotea kwenye skrini.

Tuanze na hiyo ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ambao ukipanda picha inajaa chenga, maana ndiyo imenikosesha usingizi. Hizo 18-300, lenzi moja ya zumu inayovuta kutoka milimita 18 hadi 300, ni f/3.5-6.3 (f ni tundu la mwanga, namba ikikua tundu linasinyaa). Ile 3.5 ipo kwenye 18 tu. Ukivuta mpaka 50 uko karibu na f/5, na ukimfuata bibi harusi kutoka nyuma ya ukumbi umeshagota 6.3. Chukua ukumbi wa kawaida, taa za mapambo, maharusi wanaingia wakicheza. Kwa 70-200 ya f/2.8 unapiga shata 1/200 ya sekunde, ISO 3200, kazi imeisha. Weka 18-300 mahali pale pale: f/6.3 inaingiza moja ya tano tu ya mwanga ule, kwa hiyo shata ile ile inadai ISO 16000. Canon 700D inaishia 12800, juu yake imebaki ile H ya kulazimisha, 25600, ambayo haifai hata kwa picha ya kitambulisho. Nikon D3200 inaishia 6400. Sasa kijana wa watu apandishe ISO aipeleke wapi, juu ya bati?

Msiniambie lenzi ina kizuia mtikisiko. Kile kinatuliza mikono ya mpigaji, hakimtulizi bibi harusi. Shusha shata mpaka 1/40 ubakie na ISO 3200 uone: nguzo za ukumbi zitatoka kali unaweza kuhesabu tofali, maharusi hawana nyuso.

Na hiyo anayowaambia wauze ni 50 ya f/1.8! Moja ya lenzi za bei rahisi kabisa dukani. Ukumbi ule ule, f/2, 1/200, ISO 1600. Ni kioo cha gramu 160. Ukiwa 50 kwenye f/2, tundu la mwanga lina kipenyo cha milimita 25. Zumu lake likiwa 50 hiyo hiyo, kwenye f/5, ni milimita 10, na tundu dogo halifuti vitu vya nyuma. Ndiyo maana picha zake viti vya plastiki nyuma ya maharusi vinasomeka mpaka nembo ya kiwanda.

Halafu MPAGAZI. Tupime basi. Sigma 18-300 ni gramu 585. Canon 18-55 STM gramu 205, ongeza 50 STM gramu 160, jumla 365. Aliyebeba mzigo hapo ni nani?

Kukosea hesabu naweza kumsamehe. Kilichoniuma ni pale kijana mmoja alipouliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na kanisani ambako fleshi hairuhusiwi?" Akacheka. Akavua kofia, akaivaa tena, akarudia polepole: "Pan-di-sha I-S-O." Mtu anaulizwa swali la kazi, anajibu kwa silabi! Leo watu wanazipiga picha lenzi zao za 50 waziweke sokoni. Nimeziona.

MzeeWaNegativu

Mleta uzi punguza povu, skrini zetu zimelowa. Na kwenye mizani yako umemficha mtu. 55-250 STM ya gramu 375 umeiacha nyumbani? Bila hiyo huna cha kufananisha na 300. Iweke: 205, 160, 375, jumla 740. Na ile 70-200 f/2.8 uliyoanza nayo mfano inakaribia kilo moja na nusu peke yake. Kwa mizani umepigwa. Kwa mwanga uko sahihi, ungebaki hapo hapo.

Apacha_Wazi

Mzee shikamoo. Hiyo 740 unaigawa, si lazima yote iingie ukumbini. Lakini umesikia alivyotamka zile silabi?

Vumbi_la_Tarangire

Mnaongea kama dunia yote ni ukumbi. Njooni mbugani mwezi wa nane. Land Cruiser iko wazi juu, gari la mbele limetimua vumbi, tembo yuko mita 8 na nyuma yake kuna tai juu ya mbuyu. Hapo anayefungua kamera abadilishe lenzi anaingiza udongo kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha, na jioni kila picha ya anga ina madoa meusi kuanzia f/11. Kamera zisizo na kioo cha ndani ni mbaya zaidi, sensa iko mdomoni kabisa. Jua la saa 4 asubuhi linakupa 1/1600, f/8, ISO 400 bila jasho, na f/8 ndipo hayo mazumu marefu yanapokaa sawa, maana yakiwa wazi kabisa kwenye 300 yanalegea ukali pembeni. Kwa mgeni wa siku tatu namshauri 18-300 na sijuti.

Ila na yenyewe inavuta vumbi. Bomba la lenzi likitoka na kuingia linanyonya hewa. Mfuko wa kitambaa juu ya kamera, na brashi kwenye pete ya zumu kila jioni kabla ya kulivuta. Kama ni lazima ubadilishe lenzi: gari lizimwe, vioo vipandishwe, kamera izimwe, mdomo wake uangalie chini, kifuniko cha nyuma cha lenzi inayoingia kiwe kimeshalegezwa. Ukikuta vumbi kwenye sensa tumia pampu ya mkono. Anayepuliza kwa mdomo anaongeza mate.

Fremu_Kamili

Wote mmebaki nyuma. Tamron 28-200 ya Sony, imetoka 2020, inaanzia f/2.8, gramu 575. Hiyo ndiyo lenzi ya kila kazi. Uzi ufungwe.

DadaFokasi

Fremu_Kamili soma kilichoandikwa kwenye pete. f/2.8 ni pale 28 na milimita chache mbele. Kabla hujafika 50 imeshakuwa f/3.5, na kuanzia kama 150 unaishi f/5.6. Tena yenyewe haina kizuia mtikisiko, inategemea cha bodi ya kamera, kwa hiyo mwenye Sony a6400 ambayo bodi haina, milimita 200 zote anazishika kwa maombi. Lenzi nzuri, naiheshimu, lakini usiifungie uzi.

Apacha_Wazi

Asante Dada. Na hata hiyo f/5.6 ni ISO 12800 pale ambapo f/2.8 inaomba 3200. Sasa mtu wa 6.3 ndiye anasimama anatuita wapagazi!

Getini_Machame

Samahani, mimi si wa kamera sana. Tangu lini mpagazi akawa tusi? Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unapimwa getini, mwisho kilo 20, na bila yeye hakuna kamera hata moja inayofika kambi ya Barafu. Nyie na huyo wa kofia wote mtuombe radhi.

MzeeWaNegativu

Huyu kashinda uzi.

Bahari_Hindi_001

Nami wa Mombasa niseme langu. Hizo 50 zinazouzwa leo kwa hasira, nusu zina fangasi! Watu wanafungia lenzi kwenye begi la ngozi, pwani hii, unyevu umejaa, halafu wanaandika "kama mpya". Mnunuzi, fanya hivi: toa vifuniko vyote viwili, fungua apacha (tundu la mwanga) mpaka mwisho, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi kwa pembe, angalia kutoka mbele. Vumbi ni nukta. Fangasi ni nyuzinyuzi zilizotawanyika kuanzia ukingoni. Ikiwa kioo cha mbele fundi anaisafisha, ikiwa katikati ya vioo na imeshakula rangi ya kioo, rudisha. Na ukishanunua, weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika, na kipima unyevu kisomeke asilimia 40 hadi 50.

DadaFokasi

Fangasi afadhali, inaonekana kwa tochi. Mimi nauliza kuhusu WAPAMBAJI na taa zao za zambarau. Hata lete f/1.2 hapo haikusaidii. Ngozi ya bibi harusi inakuwa bilinganya, chaneli ya buluu inajaa yote, na ukishaijaza hakuna RAW (faili ghafi la kamera) wala mizani ya rangi itakayorudisha sura. Histogramu ya kawaida, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, inakudanganya iko sawa. Washa ile ya rangi tatu, uone buluu imegonga ukuta wa kulia, shusha stopu moja nzima, yaani nusu ya mwanga.

Fremu_Kamili

Na mistari! Taa za LED za bei ya chini, shata 1/200, picha inatoka na mikanda myeusi ya mlalo.

DadaFokasi

Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za aina hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kaa 1/100 au 1/50, mistari inatulia. Zile skrini kubwa za nyuma ya jukwaa zina mpepeso wao, pale unajaribu moja moja mpaka ipotee. Na ukishalazimika kukaa 1/100, maharusi wanacheza, unarudi kwenye fleshi tu: igeuze kwenye ukuta mweupe nyuma yako, 1/100, f/4, ISO 800. Usiielekeze juu kama dari limefunikwa kitambaa cha zambarau, mwanga utarudi na rangi ile ile.

Mapambo_na_Keki

Nimeitwa huku na rafiki. Sisi wapambaji tunafanya anachotaka mteja, na mteja anataka zambarau. Nyie wapiga picha mnakuja saa 12 jioni, hamsemi kitu, kesho mnatulaumu. Taa zangu zina rimoti. Mngekuja saa 9 tunapofunga mapambo, mkaniambia jukwaa la maharusi liwe na taa nyeupe mbili za mbele wakati wa keki, ningeziweka.

DadaFokasi

Mara ngapi tumeomba tukaambiwa "zitaua mapambo"?

Mapambo_na_Keki

Kwa sababu mnaziomba wakati keki imeshakatwa. Na mkisogeza stendi zenu za fleshi mbele ya maua yangu, hilo nalo tuliseme?

Apacha_Wazi

Jamani turudi kwenye mada. Zile silabi.

Fremu_Kamili

Zipi? Mapambo, ziweke hizo taa mbili nyeupe juu ya kichwa kama mita moja na pembeni, kulia na kushoto. Zikikaa usawa wa uso, miwani ya mzee wa familia inawaka yote.

Mapambo_na_Keki

Stendi yangu haifiki huko. Nani anajua zinauzwa wapi zile za mita 2.8, zisizoyumba feni ikiwashwa?