Eti plastiki kwenye injini ndiyo teknolojia? Huyu mtu asinizoee!

BonetiWazi

Wakuu, naandika huku mikono bado inanuka kulanti, yale maji ya kupoza injini, na roho inachemka kuliko injini. Mods msiuhamishe huu uzi, niacheni nipumue.

Yule mtu mnamjua. Yule wa kaunta ya spea, mwenye kalamu sikioni. Simtaji, na sina haja ya kumtaja, maana kila mwenye gari humu ndani ameshaonja mdomo wake. Leo ilikuwa zamu yangu.

Kisa chenyewe: hauzingi ya thermostati imepasuka, lile ganda linaloshika valvu ya kuruhusu maji ya injini yaende rejeta. Ya plastiki, bila shaka, maana hawa wanaotengeneza magari wakimaliza kufyatua ndoo wanaangalia malighafi iliyobaki, wanasema "hii tutupie kwenye injini." Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafumuka chini ya boneti hadi dereva wa nyuma yangu akawasha taa za ukungu. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikafungua. Ile shingo inayoingia mpira wa juu wa rejeta imegeuka kahawia. Nikaishika kwa vidole viwili tu, ikabaki mkononi kama ganda la yai. Pale ilipokatika pakavu kabisa, peupe, chembechembe zinaingia kwenye kucha.

Nikaenda na kipande changu. Nikamwambia kwa adabu zote, kaka naomba ya alumini. Zipo, zinatengenezwa, watu wanafunga na maisha yanaendelea. Akakichukua kile kipande, akachomoa kalamu sikioni, akakigonga, ko ko ko, akanipandisha na kunishusha kwa macho, akasema:

"Plastiki ndiyo teknolojia, mzee. Chuma ni ushamba."

USHAMBA! Na kipande kipo mkononi mwake, KIMEPASUKA! Anakigonga, kinazidi kumeguka, unga unamwagikia kitabu chake cha risiti, anaupuliza, anaendelea kuniambia teknolojia!

Na msinifundishe, najua ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, si plastiki ya kikombe. Najua inayeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi na maji ya injini hayafiki huko hata siku moja. Nani kasema imeyeyuka? Imechoka! Ukiwasha inapikwa, ukizima inapoa, kulanti ya moto inaila kwa ndani, presha ya bar moja na ushee inaisukuma kwa nje, na thermostati nyingine siku hizi zimepangwa kufunguka karibu na nyuzi 105 ili eti injini inywe mafuta kidogo. Ikipasuka haifi peke yake. Maji yakiisha, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na fundi anaanza kukuita bosi.

Halafu mtu anaigonga na kalamu. Ko ko ko. Mzee. Mimi!

MzeeOringi

Nimekaa siti ya mbele. Mwisho wa siku umefunga ipi?

BonetiWazi

Alikuwa na ya plastiki tu. Gari iko barabarani, ulitaka nifunge gunzi?

dada_gia

😂😂😂 Yaani povu lote hili, halafu teknolojia umeondoka nayo kwenye mfuko! Alikufungia na risiti yenye unga?

SikuYaSabasaba2

Uzi bila picha ya hicho kipande ni hadithi tu.

FundiKimya

Pole mkuu, ila punguza mahaba na alumini. Sisi tunaozifunga tunaziona. Zipo nzuri, na zipo za kalibu mbovu, uso haujanyooka, zina vitundu visivyoonekana kwa macho, unafunga asubuhi jioni inatoa jasho. Ukiipata, weka rula ya chuma kwenye uso wake kabla hujaisogeza kwenye injini, mwanga ukipita chini irudishe. Oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia maji, iwe mpya na ikae kwenye mfereji wake, na usiipake silikoni, maana ile ya ziada inakatika inakwenda kuziba njia za maji. Zile bolti ndogo za M6 kawaida zinataka kukazwa kwa Nm 8 hadi 10, soma kitabu cha gari lako. Watu wanazivuta kwa hasira walizotoka nazo kaunta, uzi wa kwenye bloku unatoka, kazi inakuwa nyingine.

Na kama rejeta unaijaza maji ya bomba, alumini italiwa na kutu yake nyeupe. Hapo ndipo plastiki inaishinda, yenyewe haijui kutu.

Jambo la mwisho: ukiimarisha hauzingi, ufa unahamia kwa jirani. Tenki la akiba, matenki ya pembeni ya rejeta, vile viungo vya mipira vyenye klipu, vyote plastiki, vyote vina umri ule ule.

BonetiWazi

Kwa hiyo na wewe unasema ni teknolojia??

FundiKimya

Sijasema hivyo.

BonetiWazi

Umekuja na kalamu kabisa, naisikia hapa. Ko ko ko.

KiongoziWaMsafara

Mbona yule jamaa mtu poa tu? Mimi huwa ananikopesha hadi plagi.

dada_gia

Huyu ni yeye mwenyewe, kafungua akaunti.

PistoniYaPili

Mleta mada hajakosea sana. Ford walishaumbuka na hili. Ile V8 yao ya lita 4.6 iliyokuwa kwenye Crown Victoria miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa na intake manifold, ile njia ya kupeleka hewa kwenye silinda, ya plastiki tupu, na maji ya injini yanapita mbele humo humo. Zikawa zinapasuka pale pale kwenye njia ya maji. Watu wakaenda mahakamani, na manifoldi zilizokuja baadaye zikawekewa kipande cha alumini pale mbele. Sasa waliounda injini wenyewe walikubali kurudi kwenye ushamba, yeye wa kaunta anabisha nini?

BonetiWazi

ASANTE. Chapisha hiyo nikambandikie kwenye droo ya kalamu zake.

RangiMbili

Nyie wa hauzingi mna bahati, angalau mnaona maji yanamwagika. Mimi ilikuwa pangaboi ya ndani ya pampu ya maji. Ya plastiki. Ilipasuka pale kwenye shafti, ikawa shafti inazunguka yenyewe, panga limekaa limetulia. Nje hakuna hata tone. Tenki limejaa. Injini inachemka! Fundi akabadilisha thermostati, akabadilisha kofia ya rejeta, akabadilisha sensa, akaanza kuniuliza nyumbani kuna amani. Siku ya kufungua pampu panga likamdondokea mguuni.

dada_gia

Bora wewe lilidondoka mguuni. Mimi vile vibao vya kuongozea cheni ya taiming, plastiki vilevile, vilianza kumeguka kimya kimya. Nikawa nasikia mlio asubuhi tu injini ikiwa baridi, naambiwa ni kawaida ya injini hizi. Kushusha sampu ya oili, vipande vimejazana kwenye chujio la pampu. Hapo huwezi kusema nipe ya alumini, cheni inahitaji kitu laini cha kutelezea.

FundiKimya

Kweli kabisa. Pale plastiki ndiyo mahali pake. Tatizo ni kupitisha muda wa kubadilisha oili.

dada_gia

Sijapitisha!

FundiKimya

Sijasema wewe.

SikuYaSabasaba2

Huyu fundi kila kitu hajasema.

BonetiWazi

Wakuu, mada. Mtu mzima nimesimama pale, kaikamata hauzingi YANGU, kaigonga...

MzeeOringi

Tumesikia mkuu, mara tatu, kwa kalamu. Tuliza mshono. Mimi kinachoniua ni taa za mbele. Zamani taa ilikuwa kioo, unafuta na kitambaa basi. Sasa hivi polikaboneti, jua likipiga miaka kadhaa zinakuwa njano, usiku naendesha kwa kukumbuka barabara.

RangiMbili

Paka dawa ya meno.

PistoniYaPili

Dawa ya meno ni ya wiki mbili tu. Ile njano ni koti la juu la kuzuia miale ya jua limekufa. Unatakiwa kulisugua lote litoke kisha upake jipya, la sivyo zitarudi njano haraka kuliko mwanzo.

KiongoziWaMsafara

Jamaa wa kaunta anauza hiyo dawa ya taa, tena og.

dada_gia

Nilisema mimi. 😂

MzeeOringi

Msasa wa namba ngapi? Nina 400 hapa ya mbao.

PistoniYaPili

Weka chini hiyo 400 ya mbao, mzee wangu! Chukua msasa wa maji. Anza na 800, panda 1500, maliza na 2000, kila hatua kwa maji mengi, na uzibe rangi ya pembeni kwa teipu.

MzeeOringi

Nishaanza upande wa kushoto.