Naomba ushauri: uraia wa Japani kwa mtoto aliyezaliwa Dar

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, mume wangu Mjapani, ndoa yetu imeshaandikwa kwenye koseki, yaani daftari la familia kule kwao. Binti yetu amezaliwa hapa Dar na ana miezi miwili kasoro.

Kinachoninyima usingizi ni muda. Kwa kuwa amezaliwa nje ya Japani na ni Mtanzania pia kwa kuzaliwa, taarifa lazima ifike ubalozini ndani ya miezi 3, na kwenye fomu kuna sehemu ya kutia saini kwamba tunahifadhi uraia wa Japani. Muda ukipita, anahesabika hakuwahi kuwa Mjapani. Njia inayobaki ni kuuomba upya kabla hajafika miaka 18, na hapo lazima awe na makazi Japani. Sisi hatuna mpango wa kuhama.

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa serikali hapa Tanzania, bado hatujapata, tunayo karatasi ya hospitali tu. Je, aliyepitia hili alipokelewa na karatasi hiyo? Na tafsiri ya Kijapani, mume wangu anaweza kuiandika mwenyewe? Tafadhali nisaidieni mapema, siku zinakimbia.