Chevrolet 350 na giaboksi ya Mustang: klachi pleti inaingia lakini inacheza

Chumbageni31

Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio, lakini spana nilishikishwa Tanga, gereji ya baba mdogo pale Chumbageni. Kwake gari halikuwa na kabila. Bedford likikosa kitu, kinavuliwa kwenye Leyland, kinachongwa, safari inaendelea. Sasa na mimi najenga langu la mchanganyiko, hotirodi, yale magari ya zamani ambayo Wamarekani huyavua madigadi wakayatia injini kubwa.

Bodi ni Ford Model A ya 1931, pikapu. Injini ni Chevrolet V8, 350 (inchi za ujazo), iliyotoka kwenye pikapu ya 1974. Giaboksi ni T5 ya Borg-Warner, gia tano, niliitoa kwenye Ford Mustang 5.0 ya 1989. Katikati kuna belihauzingi (ganda linalofunika klachi) ya zamani ya Chevrolet na bamba la kuunganishia, maana matundu ya boliti ya giaboksi hii hayalingani na ya Chevrolet.

Nilinunua seti nzima ya klachi iliyoandikwa "Chevrolet 350", inchi 11. Flaiwili yangu (gurudumu zito la nyuma ya injini) ina meno 168, presha pleti, ile inayoibana klachi pleti, ikakaa vizuri, boliti zote sita zikaingia kwa mkono. Nikachukua klachi pleti nikaijaribu kwenye shafti ya giaboksi. Splaini (yale meno ya kushikana na shafti) za pleti ni 10, za shafti ni 10, ikaingia. Nikafurahi. Halafu nikaishika kingo nikaizungusha kushoto na kulia: inacheza. Si kidogo, unasikia kabisa chuma kinagonga chuma.

Muuzaji nilipompigia akasema ikishabanwa na presha pleti haitacheza tena. Moyo wangu unakataa. Baba mdogo anakuja mwezi wa nane, mara yake ya kwanza kufika Marekani, na nataka gari la kwanza kupanda lililojengwa na mikono yangu liwe hili. Sitaki limzimikie njiani. Nifanye nini?

Mzee wa Lathe

Usiifunge hivyo, mwanangu. Moyo wako uko sawa.

Umehesabu splaini, hujapima shafti. Shafti za zamani za GM (kampuni ya Chevrolet) zenye splaini 10 ni inchi 1 na 1/8. Ya Mustang yako ni 10 vilevile, lakini inchi 1 na 1/16. Tofauti ni 1/16 ya inchi tu, ndiyo maana pleti imepita na imekudanganya. Presha pleti inabana ile lining ya pembeni, haibani tundu la katikati. Kila ukiachia na kukanyaga mafuta, splaini zitagongana, zitakula shafti, na siku moja utaachia klachi gari lisiende. Shafti hiyo ni ghali kuliko klachi pleti.

Kosa si lako peke yako. Maduka huuza seti kwa jina la gari, na gari lako halina jina moja. Kila kipande kina bwana wake. Klachi pleti: splaini zake zinaitii giaboksi, upana wake unaitii flaiwili. Kwa hiyo presha pleti yako ya Chevrolet ibaki, flaiwili ibaki, utafute klachi pleti ya inchi 11 yenye splaini 10 za inchi 1 na 1/16. Zilitumika kwenye pikapu za Ford, hazina shida kupatikana. Ikifika, iweke kwenye flaiwili kabla ya kufunga chochote, uangalie bosi (kile kitovu chenye splaini) na springi za katikati hazigusi vichwa vya boliti za flaiwili.

Halafu kuna bushi ya nyuma ya krenki, ambayo wengi husahau. Nje yake lazima ilingane na tundu la krenki ya Chevrolet, ndani ilingane na pua ya shafti ya Ford, ambayo ni nene kuliko ya GM. Bushi za mchanganyiko huo zinauzwa. Na kwa sababu umeweka bamba, giaboksi imerudi nyuma: pima kama pua bado inafika ndani ya bushi vya kutosha.

Kuhusu rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti, nitakuuliza kwanza: presha pleti yako vidole vyake vimelala bapa au vimeinuka kuelekea giaboksi?

Jua Kali 254

Niko Nairobi. Huku hatungojei pleti ya pikapu ya Ford. Unampelekea fundi wa lining pleti mbili, anakata riveti, anatoa bosi ya ile yenye splaini sahihi, anaihamishia kwenye ile yenye upana sahihi, anagonga riveti mpya. Nimefanya kwa matatu na lori, zimetembea miaka.

Mzee wa Lathe

Kazi hiyo naiheshimu, nimeifanya mwenyewe Unguja. Lakini iko sawa pale ambapo pleti sahihi haipatikani au bei yake haishikiki. Bosi ikikaa nje ya kati hata kidogo, klachi itatetemeka kila ukiachia. Yuko Ohio, pleti anaipata wiki hii hii. Anunue.

Chumbageni31

Shikamoo mzee. Nimepima kwa venia, ni kama ulivyosema: shafti inchi 1 na 1/16. Vidole vimelala bapa. Rilizi beringi niliyopewa kwenye seti ni fupi, inchi 1 na 1/4, na haiingii kabisa kwenye lile bomba la mbele la giaboksi.

Mzee wa Lathe

Marahaba. Vidole bapa vinataka beringi ndefu, ile ya inchi 1 na 7/8. Ukiweka fupi, uma unaoisukuma beringi utafika mwisho wa dirisha lake kabla klachi haijaachia. Na bomba la Ford ni nene kuliko la Chevrolet, kwa hiyo badilisha bomba lenyewe: yapo ya T5 yenye unene wa GM. Usisage beringi ili ipite.

Mwisho, funga belihauzingi tupu pamoja na bamba, weka saa ya kupimia kwenye krenki, zungusha. Tundu la katikati lisipishane zaidi ya inchi 0.005.

Chumbageni31

Narudi baada ya wiki tatu. Pleti ya Ford imeingia kwa kuteleza na haichezi. Bushi imekaa, pua inafika. Ile saa ilinipa 0.011, nikarudi kitandani nimekata tamaa. Kesho yake nikanunua pini za kulenga zilizo nje ya kati, nikazizungusha kidogo kidogo mpaka ikafika 0.004. Bila wewe mzee nisingepima kamwe, ningelaumu giaboksi.

Jana nimewasha. Nimekanyaga klachi, gia ya kwanza imeingia bila kelele, nikaachia taratibu, gari likaondoka bila kutetemeka. Nimekwenda mbele na nyuma kwenye njia ya gereji mara sita, mke wangu akirekodi kumtumia baba mdogo. Amejibu kwa sauti, anauliza uma wa klachi ni wa gari gani. Nimemwambia Chevrolet.

Barabarani bado, breki za nyuma hazijafungwa. Jua Kali, ile pleti ya zamani ninayo, ukipata mtu anayekuja Nairobi nitampa.