Nimekwama kyu ya 14: mafumbo, kucheza sana, au KataGo?

KeteNyeusi
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye Go, ule mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe. Miezi mitano sasa nimeganda kyu ya 14 (daraja; namba ikipungua umepanda) pale OGS, tovuti ya kuchezea Go; nikipanda hadi ya 13, wiki haiishi nimesharudi. Nina dakika 45 kwa siku, basi. Ushauri ninaoupata unagongana: wengine mafumbo ya uhai na kifo (tsumego), wengine michezo mingi ya haraka, wengine kupitia kila mchezo kwa KataGo (programu inayocheza na kuchambua Go), wengine kukariri joseki, yaani mifuatano ya hatua iliyozoeleka ya kona. Hiyo ya mwisho nimeijaribu miezi miwili. Nilikariri joseki kama ishirini, na mpinzani akitoka tu kwenye njia niliyoikariri, sijui nimwadhibu vipi. Mngekuwa mimi, dakika hizo mngezigawaje?

Jicho_la_Pili
Joseki ziweke kando kwanza, mkuu. Ni makubaliano ya watu wawili wanaojua kila kete imekaa pale kwa sababu gani. Wachezaji wa zamani husema ukikariri joseki nguvu yako inashuka kwa kete mbili, na mimi nililiona hilo kwangu mwenyewe. Halafu hazikai mahali pamoja. Zamani kuivamia kona kwa 3-3 (mstari wa tatu kutoka kila ukingo) mapema, chini ya kete ya 4-4 (mstari wa nne), kulihesabiwa kosa, kwa kuwa unampa mwenzako ukuta upande wa nje. Ikaja programu ya AlphaGo, ikacheza mtandaoni kwa jina la Master mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, ikashinda michezo 60 bila kupoteza hata mmoja, na baada ya hapo wachezaji wa kulipwa wenyewe wakaanza kuvamia hivyo. Aliyekuwa anaelewa thamani ya ukuta alibadilika bila shida. Aliyekariri ilibidi akariri upya.

Kwa kyu ya 14 michezo inaamuliwa na makundi yanayokufa, yaani yanayozingirwa na kuliwa, wakati hayakupaswa kufa, kwa hiyo nenda kwenye mafumbo. Na anza na maumbo yenyewe mpaka uyaone bila kuhesabu. Nafasi tatu tupu za mstari ndani ya kundi lililozingirwa: anayewahi katikati ndiye anayeamua. Nne za mstari: hai, hata mpinzani akianza. Nne za mraba: limeshakufa, usiongeze kete humo. Tano zilizobanana: kimbilia kitovu. Na ule mstari wa pili kutoka ukingoni: kete sita zinakufa, nane zinaishi, saba inategemea zamu ni ya nani, kwenye kona nne zinakufa na sita zinaishi. Hayo machache yameniokolea makundi mengi kuliko joseki zote ninazozijua.

TengoKatikati
Nakubali kuhusu joseki. Kuhusu mafumbo nakubali nusu. Kwenye fumbo umeshaambiwa "nyeusi inaanza, inaua". Kwenye mchezo hakuna anayekuambia kwamba sasa hivi kuna kitu cha kuua. Jicho la kuitambua saa yenyewe linakuja kwa kucheza.

Mimi namshauri KeteNyeusi arudi kwenye ubao wa 9x9. Makutano 81, mchezo unaisha kwa dakika kumi au kumi na tano, na mapigano yanaanza karibu kete ya nne. Kwa dakika zake 45 anapata michezo mitatu yenye kuzibana pumzi (nafasi tupu zinazogusa kete) na kukata. Ubao wa 19x19 una makutano 361. Mtu anaweza kucheza saa nzima na pigano la kweli likawa moja tu. Ila asicheze ile ya sekunde tano kwa kete. Hapo mkono unarudia ulichozoea, makosa yakiwemo.

Jicho_la_Pili
Tengo, 9x9 ni nzuri kwa mapigano, hilo sipingi. Lakini haikufundishi kuacha. Kwenye ubao mkubwa nusu ya ustadi ni kujua kwamba hapa pametosha, kundi liko salama, niende kona nyingine nikawahi mimi. Watu wa kyu ya 14 wanajibu kila kete ya mpinzani pale pale alipoiweka.

Ngazi_Ndefu
Nizungumzie KataGo, maana niliitumia vibaya mwaka mzima na sitaki mwingine apotee hivyo. Nilikuwa namaliza mchezo, nafungua programu, naangalia asilimia za ushindi, naona hatua inayopendekezwa, najisemea "ahaa", nafunga. Sikupanda hata kyu moja.

Sasa nafanya kinyume. Kabla sijaifungua, naupitia mchezo peke yangu na kuandika sehemu tatu ambazo nilikuwa na wasiwasi. Kisha ndiyo nafungua, na siangalii asilimia; katika ngazi yetu zinaruka huku na huko kwa kila kete. Naangalia pointi, kwa sababu KataGo inakadiria pia tofauti ya pointi. Kosa la pointi mbili nalipita. La kumi na zaidi nasimama hapo. Naicheza ile hatua yangu kwenye programu, naiacha iniadhibu hadi mwisho, halafu naitafuta sababu mwenyewe: kundi gani lilikuwa dhaifu, nani alikuwa na pumzi chache, wapi nilikatika. Programu itakuambia umepoteza pointi 12. Haitakuambia kwamba ulizipoteza kwa sababu uliogopa.

Wala siyo kwamba haikosei kabisa. Mwaka 2023 Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, aliishinda KataGo michezo 14 kati ya 15 kwa kulizunguka kundi lake lililojifunga kama duara, bila yenyewe kuona hatari. Kwa makosa yetu sisi inaona vya kutosha.

Nyota9
Mmesahau binadamu. Mtafute mtu anayekuzidi kyu nne au tano, mcheze 19x19 akupe kete za kutangulia, moja kwa kila daraja. Mkimaliza, mwombe akuonyeshe kosa moja tu. Nilifanya hivyo na dada mmoja wa dani ya kwanza (daraja linalofuata juu ya kyu zote), na neno lake moja, "kundi lako hili lilikuwa hai tangu zamani, mbona umeliongezea?", lilinipandisha kuliko kitu kingine chochote.

KeteNyeusi
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimepanga hivi: dakika 20 za mafumbo, kisha mchezo mmoja wa 9x9 na kuutazama. Jumamosi 19x19 moja, niipitie kwa njia ya Ngazi_Ndefu. Joseki nimezifunga.

Jicho_la_Pili
Chagua mafumbo rahisi, yale unayopata manane katika kumi. Usiweke kete mpaka umeona mwisho wake kichwani. Na jibu usilifungue. Likikushinda, lirudie kesho.

KeteNyeusi
Wiki tatu zimepita, narudisha taarifa. Niko kyu ya 13 na bado sijashuka. Jana kundi la mpinzani lilibaki na zile tano zilizobanana na zamu ilikuwa yangu. Niliona kitovu kabla hata sijaanza kuhesabu, nikaweka, kete zake kumi na moja zikafa. Moyo ulinidunda.

Baadaye akaanzisha ko (kulana kete moja moja, ambapo huruhusiwi kurudishia papo hapo mpaka ucheze kwingine kwanza) na sikuwa na tishio hata moja, yaani hatua ya kwingine ambayo lazima aijibu, nikapoteza kona nzima. Matishio mnayatafuta ko ikishaanza, au kabla?

Ngazi_Ndefu
Kabla. Hesabu yako na yake kabla ko haijaanza kuliwa. Na angalia ulivyocheza mwanzoni: kila atari (hatua inayoziacha kete zake na pumzi moja tu) uliyoiweka kwa kuwa tu lazima aijibu ni tishio umeshalichoma. Tuma mchezo wenyewe hapa, tutazame ni ngapi zilipotea hivyo.