Paje: tumelipa dola 90 kuonja "bia za kienyeji za Zanzibar", kizibo kikanifuata mpaka miguuni

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika hasira haijaisha, kwa hiyo mtanivumilia. Na mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za Zanzibar, maana bei ni kipande tu cha haya yaliyonikuta.

Nimepigwa, tena na mtu aliyekuwa ananifundisha kitu ninachokijua kuliko yeye, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtoto wa chekechea.

Niseme kwanza mimi ni nani ili msije mkasema mama wa watu kalewa anatafuta pa kumalizia. Kwetu Marangu. Bibi mzaa mama aliuza mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, maisha yake yote, na sisi wajukuu ndio tuliokuwa tunamenya ndizi. Baadaye nikafanya kazi kaunta ya hoteli Arusha miaka 6. Siku hizi nipo Dar nauza vitambaa, lakini pombe naijua.

Tulikwenda Unguja na baba watoto kupumzika siku nne, tukafikia Shangani. Kwenye simu nikaona tangazo: safari ya kuonja bia za krafti za Zanzibar, aina 6, zinapikwa Paje, unakutana na mpishi wa bia mwenyewe, usafiri na vitafunwa humo humo, muda wa saa tatu, dola 45 kwa kichwa. Nikafurahi kweli. Krafti kwa asiyejua ni bia inayopikwa kidogo kidogo na mtu mwenye jina na uso, si ile inayotoka kiwandani kwa malori. Nikajiambia, huenda kuna kijana pale kisiwani anafanya kitu, ngoja nimuunge mkono.

Kulipa tu, kasheshe. Natoa shilingi, jamaa anayeuza safari ananiambia bei ni dola, ila "kwa kunisaidia" atapokea shilingi kwa 2,800. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita duka la kubadilishia fedha Darajani, dola ilikuwa 2,450. Nikamuuliza, hivi zile kanuni za Machi 2025 za kukataza bei kutajwa kwa fedha za kigeni humu nchini hamkuzisikia? Akacheka. "Mama, huku ni Zanzibar." Baba watoto akanikanyaga mguu chini ya meza, mwanaume hapendi zogo. Tukalipa 252,000. Kwa bei ya Darajani ingekuwa 220,500.

Gari likatuchukua saa nane mchana, dereva mzee wa Kipemba mwenye kofia ya kiua imekaa vizuri, nitamrudia maana ndiye mtu pekee niliyepata faida kwake siku ile. Njiani tukawachukua Wajerumani wawili, mtu na mkewe.

Tumefika Paje, badala ya mahali panapopikwa bia tunaingizwa kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba ya wageni. Naangalia huku na huku. Hakuna pipa wala sufuria kubwa. Hata harufu hakuna! Mahali panapopikwa bia unapajua kwa pua kabla ya macho, kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa) kikichemka kinanukia kama uji wa ulezi uliokaribia kuungua. Pale palinuka dawa ya mbu na samaki wa kukaanga. Nikauliza, mpishi yuko wapi? "Ameenda mjini kufuata hamira." Sawa.

Mwongozaji kijana, hana kitambulisho shingoni, anaanza na mume wangu. "Kaka, wewe ni mtu wa bia kali au laini?" Kisha ananigeukia: "Na mama tumletee soda gani?" Nikamwambia mama ndiye aliyelipa. Wajerumani hawakuelewa, ila kwa nilivyomtazama nadhani walikisia.

Vikaja vikombe. Jamani, vikombe vya kahawa! Vile vya mzee wa kahawa chungu barazani. Vya kwanza tukaletewa vimeshamiminwa, "hii ni ile nyepesi ya pwani yetu". Baridi mpaka meno yanauma. Mtu yeyote wa kaunta anajua kwa nini bia mbovu hupoozwa hivyo: ikikaribia kuganda, ulimi haukamati kitu. Ndiyo maana mtu anayejivunia bia yake hakupi barafu, anataka uisikie. Nikakishika kikombe kwa viganja viwili kama dakika tano kikapata joto, ndipo nikaonja. Nikamtazama baba watoto. Naye akanitazama. Tukanyamaza, labda tunakosea.

Ya pili akaitangaza kwa mbwembwe, eti "ya dhahabu, mapishi ya enzi za Sultani". Akageuka nyuma ya kaunta, akainama. Nikasikia tsss. Kizibo kikamponyoka, kikadunda kwenye sakafu ya saruji, kikazunguka kama sarafu inayotafuta pa kulala, kikaja kusimama kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Nikainama nikakiokota. Nembo yake naijua kuliko sahihi yangu, nimefungua chupa hizo miaka 6, kiwanda kiko bara, bia ipo kila baa kuanzia Tunduma mpaka Namanga. Kikombe cha kwanza na cha pili ni bia ileile, kreti moja. Sikusema kitu. Nikakitia kwenye pochi.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. "Bia ya karafuu, fahari ya visiwa." Karafuu nzimanzima zinaelea juu, tano sita, bado ngumu, zimetumbukizwa asubuhi ile. Sasa karafuu inatia ganzi, ndiyo maana bibi zetu hutubana nayo kwenye jino linalouma. Ukimpa mtu karafuu katikati ya kuonja, umeuua ulimi wake, vinavyofuata hauvijui tena. Kuonja kuna mpangilio, unaanza na nyepesi, unapanda taratibu, yenye kiungo kizito unaiweka mwisho, na maji ya kusuuzia kinywa yapo mezani muda wote. Maji tuliyaomba, tukauziwa chupa shilingi 2,000.

Nikamuuliza kwa upole kabisa kama anajua kwamba zipo bia za ngano za Kijerumani zinazonukia karafuu bila kutiwa hata punje, harufu inatoka kwenye hamira yenyewe wakati wa kuchachuka. Yule Mjerumani mume akaruka kwenye kiti kwa furaha, akaanza kunieleza ya kwao Bavaria, nusu Kiingereza nusu mikono. Mwongozaji akatukatisha: "Hapana, hapa tunatumia karafuu halisi." Kana kwamba ndicho nilichouliza.

Basi nami nikachokoza. Hopsi mnatoa wapi? (Hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu.) Akanijibu bila kupepesa macho: "Tunalima wenyewe, kule Jozani." Jozani! Msitu wa kima punju! Hopsi ni mmea wa nchi za baridi, unataka siku ndefu za kiangazi cha Ulaya ndipo utoe maua, hata viwanda vyetu vikubwa vya bara vinaagiza nje. Shayiri angalau tunalima, Arusha na Manyara huko. Hopsi za Jozani labda wanavuna wale kima.

Ya nne nyeusi, "kali kuliko zote, ndiyo maana nyeusi". Uongo mwingine. Weusi unatokana na kimea kilichokaangwa sana, kama kahawa, haina uhusiano na ukali. Tuache.

Ya tano. Hapa naomba nipumue kwanza.

"Bia ya ndizi, siri ya mabibi wa Kizanzibari." Kinywaji cheupe kama maji ya kisima, kinatoa mapovu, kitamu cha sukari. Wakuu, mbege ni nzito! Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinabadilika rangi, zinakaa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa. Pembeni unaandaa ulezi uliooteshwa ukakaushwa ukasagwa, unaupika uji wake, tunauita mso, unachanganya, na uchungu unatiwa na gome la msesewe. Ukinywa, pumba za ulezi zinabaki kwenye mdomo wa juu kama masharubu. Bibi alikuwa anatupangusa kwa kanga. Sasa huyu kijana ananiletea mvinyo wa ndizi wa chupa unaouzwa Arusha kila duka la vinywaji, ameutoa chupani, ananiambia ni siri ya mabibi wa hapa. Mabibi gani? Mwite mmoja aje anieleze. Hata angesema tu "hii inatoka bara", mimi ningepiga makofi, ningemsimulia mbege bure mpaka jua lizame. Amechukua cha bibi yangu akakipa ukoo mwingine, na mimi nimelipia.

Ya sita haikuja. Sababu? "Kuna uhaba wa vinywaji kisiwani." Uhaba ninaoujua mimi ni ule wa Januari 2024, leseni za waagizaji zilipokwama, hoteli zikakaukiwa, na mwezi huohuo aliyekuwa Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Huo uliandikwa mpaka magazeti ya nje. Sasa unauleta leo kunifichia kikombe kimoja, tena cha bia unayodai unapika mwenyewe?

Nimepiga hesabu. Kikombe kile hakizidi mililita 60. Vitano mara watu wawili ni mililita 600. Hiyo haifiki hata chupa moja na robo ya nusu lita. Kwa 252,000. Vitafunwa vilikuwa kachori mbili mbili na ndizi za kukaanga.

Wakati tunasubiri gari, yule mama wa Kijerumani ananiuliza nimelipa ngapi. Namwambia. Anashangaa: wao dola 30 kwa kichwa, walinunulia ufukweni. Yaani mgeni wa Munich 30, mimi mwenye kitambulisho cha NIDA 45! Tumezoea kusikia wageni ndio wanaobambikwa.

Sasa dereva. Kurudi nilikaa mbele. Nikamwambia, "Shikamoo baba, hivi ni kweli Zanzibar hakukuwa na kilevi mpaka watalii walipokuja? Kijana ametuambia hivyo." Mzee kacheka mpaka akapunguza mwendo. "Mwanangu, yeye hajasikia kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Sasa huyo mgema alikuwa anagema nini, juisi ya embe?" Akanieleza utoto wake Wete: mgema anapanda mnazi alfajiri, anakata kole, lile shina la maua, anafunga kibuyu. Asubuhi tembo ni tamu, hata mtoto anaweza kuonjeshwa. Mchana linaanza kutoa povu. Jioni limekuwa kali, hilo ndilo la walevi. Ukilisahau siku kadhaa limekuwa siki, linatiwa kwenye achari. Mama yake alikuwa anaumulia mkate wa kumimina kwa tembo tamu. Yeye mwenyewe hajawahi kunywa pombe, ni mtu wa swala tano, ila alinieleza kwa heshima, bila kuniona mhuni. Dakika arobaini za mzee yule zilikuwa na mafunzo kuliko saa zote za lile banda. Nikampa 20,000, akakataa, nikamwachia kwenye dashibodi.

NYONGEZA 1: Wale mnaosema "Zanzibar mnafuata bia, si mngekunywa tende?", nimewasoma. Sijalalamika pombe kuwa ngumu kupatikana, wala sikutembea na chupa mtaani, najua niko kwa watu. Ninalalamikia mtu aliyetangaza kitu ambacho hana. Na sijasema kisiwani hakuna anayepika bia kwa mikono yake. Kama yupo, aje hapa aseme, nitapanda boti kesho kutwa.

NYONGEZA 2: Mnaoomba jina la kampuni kwa ujumbe wa faragha, sitalitoa kwa sasa. Malalamiko nimeyapeleka Kamisheni ya Utalii, na risiti, na tangazo nililopiga picha, na kizibo. Dada aliyenipokea aliposikia habari ya hopsi za Jozani aliinamia meza akajifanya anatafuta kalamu.

NYONGEZA 3 (saa tatu usiku): Jamaa aliyeniuzia safari ameuona uzi. Kanipigia mara nne, sijapokea. Kaandika ujumbe: "Dada yangu, haya ni mambo ya kuzungumza, hakuna matata. Nikurudishie 31,500 ya tofauti ya dola, ufute ule uzi." Kumbe hesabu anaijua vizuri. Na "mama" nimeshakuwa "dada yangu".

Nimemjibu atume 252,000, na ya kutolea.