Uzi uleule, mkono ukihama sauti inabadilika. Kwa nini?

SautiYaPwani: Wakuu, habari za jioni. Nina gitaa la nyuzi za nailoni. Uzi wa tano nikiudonoa juu ya tundu unatoa sauti nene, iliyojaa. Nikisogeza mkono karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, noti ni ileile lakini sauti inakuwa kali, nyembamba, ya bati. Urefu wa uzi haujabadilika, sasa kinachobadilika ni nini?

MzeeWaSolo: Swali zuri sana, mdogo wangu. Uzi huo, wa noti A, unatetema mara 110 kwa sekunde, lakini papo hapo unatetema pia vipande vipande: nusu zake kwa 220, theluthi zake kwa 330, na kuendelea juu. Hizo ndizo hamoniki. Sikio linazipokea zote kama noti moja, na mchanganyiko wake ndio rangi ya sauti.

Kila hamoniki ina mahali ambapo uzi unatulia. Ukidonoa hapo, hamoniki hiyo haiamki. Mwingereza Thomas Young alilieleza hili tangu 1800. Ukidonoa katikati kabisa, juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), 220 na 440 hazimo, zinabaki 110, 330, 550. Jaribu sasa hivi: donoa hapo, kisha gusa palepale kwa ncha ya kidole bila kubonyeza. Sauti inazimika. Halafu donoa karibu na daraja, gusa tena juu ya freti ya 12: 220 inaendelea kulia, safi kabisa. Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha hili kabla ya kodi yoyote, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja.

Karibu na daraja uzi hauna nafasi ya kwenda mbali, kwa hiyo ule mtetemo wa 110 unapata nguvu kidogo na hamoniki za juu zinajitokeza. Ndiyo bati unayoisikia. Kwenye solo naipenda mno, inapenya hata tarumbeta zikiwa juu.

Nyuzi6: Shikamoo mzee. Nikibonyeza freti ya 5, katikati inabaki pale pale?

MzeeWaSolo: Marahaba. Hapana, inahamia freti ya 17. Kwa uzi wa sentimita 65, katikati ilikuwa 32.5 kutoka kwenye daraja, sasa ni kama 24. Ndiyo maana mkono wa kushoto ukipanda na wa kulia ukabaki ulipo, sauti inazidi kulainika. Sogeza wa kulia kuelekea daraja kidogo kidogo.

BesiMoro: Kwenye gitaa la umeme kuna na sumaku pia, chini ya nyuzi, inayonasa mtetemo wake. Ikikaa chini ya mahali uzi unapotulia, hamoniki hiyo hainaswi, hata kama mkono umeiamsha.